Chembe za nano: jinsi ya kujikinga karakanani, jikoni na ufukweni

Ami yangu ni fundi chuma. Siku moja alirudi kazini mzima wa afya, akala, akasali Isha, akalala. Kabla ya saa sita za usiku akawa anatetemeka chini ya mashuka mawili, kifua kimembana, na kinywani anasikia ladha ya chuma kama aliyelamba msumari. Asubuhi tukampeleka kupima malaria. Hana. Kesho yake homa ikaondoka yenyewe, naye akarudi kazini. Haikutimia mwezi ikamrudia vilevile, na safari hii ndipo nilipomuuliza siku zile alikuwa akifanya kazi gani. Mara zote mbili, akaniambia, alikuwa akichomelea mabomba meupe ya uzio, yale yaliyopakwa zinki.

Madaktari wanaiita homa ya mvuke wa metali. Zinki ikipigwa na moto wa kuchomelea hugeuka mvuke. Mvuke ukikutana na hewa hupoa ukawa vumbi jeupe la zinki oksaidi, laini hata sehemu kubwa ya chembe zake hupimwa kwa nanomita. Na zinki oksaidi hiyohiyo ndiyo iliyomo katika mafuta ya jua wanayojipaka wageni kule Paje na Nungwi, fukwe za Zanzibar, na katika marhamu nyeupe anayopakwa mtoto mchanga akichubuliwa na nepi. Ngozini inatuliza, kifuani inatia homa.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za chembe za nano, na kila nikisoma narudi palepale: kuuliza "hiki kina nano?" hakutoshi. Maswali ya kuuliza ni mawili. Kitaniingia kwa njia gani? Na nikishamaliza kukitumia, kitakwenda wapi? Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya maswali hayo.

Hatua ya 1: Jua udogo wake

Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Chembe za nano ni zile zenye upana wa baina ya nanomita 1 na 100. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo jicho halina lake hapo, na pua hali kadhalika.

Udogo huo unabadilisha tabia ya kitu. Chukua dadu lenye sentimita 1 kila upande. Ukipima pande zake zote sita unapata sentimita 6 za mraba. Sasa lichukulie kuwa umelikatakata mpaka likawa vijidadu vya nanomita 10. Uzito ni uleule, lakini pande za vijidadu vyote ukizijumlisha unapata mita za mraba 600, yaani kiwanja kizima cha nyumba, mita 20 kwa 30. Na ni kwenye pande hizo ndipo kitu kinapokutana na maji, hewa na mwili. Ndiyo maana sukari ya unga huyeyuka upesi na pande la sukari guru likachelewa. Kitu kilichokuwa kimetulia kikiwa kikubwa kinaweza kuwa kikali kikiwa nano.

Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukapiga chafya au tukakohoa likatoka. Chembe za nano hupita huko, zikafika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huvuka zikaingia katika damu.

Hatua ya 2: Kitazame kimekaaje

Kabla ya kuogopa kitu, kitazame kimo katika hali gani. Kuna kilichofungwa ndani ya kitu kigumu, kama rangi iliyokauka ukutani au raketi iliyotiwa mirija ya kaboni, yaani vijibomba vya kaboni vyembamba vya kupimwa kwa nanomita. Hicho hakina neno mpaka mtu akikate, akitoboe au akipige msasa. Kuna kilichomo katika majimaji au mafuta mazito, kama krimu. Hapo shaka si mapafu bali yanapokwenda yakioshwa. Na kuna kinachoruka: poda, dawa ya kupuliza, moshi, mvuke wa kuchomelea. Hicho cha tatu ndicho cha kukimbia, kwa sababu mwili hauna mlango dhaifu kuliko mapafu.

Kwa mirija ya kaboni nitaongeza neno moja tu. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliwatia panya mirija mirefu ya aina hiyo ndani ya uwazi wa tumbo, na ikaleta uvimbe wa namna ileile inayoletwa na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani. Raketi ikivunjika, itupe nzima. Usiikate kwa msumeno ukaipunguza iwe fimbo ya mtoto.

Hatua ya 3: Anza jikoni

Watu wakisikia nano hufikiria maabara za Ulaya. Lakini nyumba nyingi za Unguja na Pemba zinatoa chembe hizi kila siku juu ya mafiga. Moshi wa kuni, makumbi na makuti umejaa masizi yanayozaliwa yakiwa na upana wa makumi ya nanomita tu, kisha yakashikana yakawa makubwa kidogo. Mapafu hayaulizi kama chembe imetengenezwa kiwandani au imetoka kwenye kifuu cha nazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kama una nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu katika mwongozo huu wote, basi badilisha hapa.

Mwenye uwezo wa gesi, apikie gesi, hasa vile vyakula vya kuchukua muda mrefu kama maharage. Asiye nao, akaushe kuni barabara, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi zaidi, na aupe moshi njia mbili, dirisha upande huu na mlango upande ule, ili upepo uupeleke nje. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha moto. Dakika zile za mwanzo ndizo chafu kuliko zote. Na mfuko wa plastiki usiwe kiwashio. Najua unashika haraka. Moshi wake huongeza masizi, na una sumu ambazo kuni peke yake haina.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kuzunguka kama pweza aliyejikunja, wengi tunalala nayo chumbani madirisha yamefungwa. Watafiti waliopima moshi wake, wakachapisha matokeo mwaka 2003, walikuta kuwa moja ikiwaka mpaka kwisha hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi chochote.

Na udi? Siwezi kuwaambia Wazanzibari waache kufukiza, wala mimi mwenyewe siachi. Fukiza nguo na chumba, kisha fungua madirisha, na chetezo kitoke. Kisilale chumba kimoja na mzazi na kichanga chake.

Hatua ya 4: Karakana ya chuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka mvuke wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Homa ya ami yangu ni onyo la usiku mmoja. Mvuke wenyewe hufanya kazi yake kwa miaka.

Kabla ya kuwasha mashine, tazama chuma. Kikiwa kimepakwa zinki, ondoa ule weupe sentimita 5 hadi 10 kila upande wa pale utakapochomelea, kwa faili au kwa jiwe la kusagia, ukiwa umevaa barakoa. Kikiwa na rangi ya zamani, kwangua. Kikiwa na mpako usioujua, rangi ya dhahabu iliyofifia kwa mfano, kiache: kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hupakwa kwenye boliti na vyuma vya mashine, na mvuke wake huanza kama homa ya zinki lakini unaweza kuua.

Halafu simama vizuri. Mafundi wengi huinama mpaka uso ukawa juu ya kazi, na mvuke ukapanda moja kwa moja ndani ya ngao. Toa kichwa pembeni. Upepo ukupitie kutoka ubavuni. Ukitoka mgongoni hujipinda mbele ya kifua chako ukarudisha mvuke usoni. Wakati wa kusi karakana iliyo wazi upande wa kusini hujisafisha yenyewe. Wakati wa joto, hewa imesimama, pangaboi ya mezani ikiwekwa ubavuni inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa. Ile ya hospitali ya bluu inaacha mianya mashavuni. Inayofaa ni ile ya kuchuja chembe, iliyoandikwa N95 au FFP2. Nilikuwa nikidhani chembe za nano zitapenya humo kama dagaa katika wavu wa papa, kumbe sivyo. Chembe ndogo kabisa hazisafiri mstari mmoja. Zinagongwagongwa na hewa, zikayumba huku na huku, na katika kuyumba zinajigonga kwenye nyuzi za barakoa na kunasa. Zinazopenya kwa urahisi zaidi si zile ndogo kabisa, bali za ukubwa wa kati.

Kinachoishinda barakoa ni mwanya. Kwa mwenye ndevu, hewa hupita pembeni ya barakoa bila kuchujwa. Ami yangu ana ndevu zake na hazikatwi, na sikuthubutu kumwambia azikate. Tulichofanya ni kuitoa kazi ya mabomba meupe nje ya banda, chini ya mwembe, na kuondoa zinki kwanza. Homa haijarudi.

Maziwa hayasafishi mapafu. Nimewaona mafundi wakipeana pakiti ya maziwa kabla ya kazi kama dawa. Ni chakula kizuri, ila kinakwenda tumboni, na mvuke uko kifuani.

Kazi ikiisha, usipige vumbi kwa upepo wa kompresa wala usifagie kavu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Nawa kabla ya kula. Badilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ukishikwa na homa saa 4 hadi 10 baada ya kazi ya zinki, kwanza pima malaria, usijihukumie. Majibu yakisema huna, mweleze daktari kazi uliyoifanya na chuma ulichokishika, maana asipoambiwa hatojua kuuliza. Homa ya zinki huisha katika siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au pumzi zikawa za shida, nenda hospitali usiku huohuo.

Mafundi wa boti nao wana lao. Faiba ikipigwa msasa mkavu, vumbi lake hujaa banda zima. Tumia msasa wa maji, na maji ya kumwagia yawe mkononi muda wote. Rangi ya chini ya boti mara nyingi ina shaba, imetiwa makusudi iue viumbe wanaoganda. Ikikwanguliwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, bahari ikijaa inaichukua na kuendelea kuua. Tandika turubai chini, kusanya unga wote, ufunge.

Hatua ya 5: Mafuta ya jua

Mama yangu analima mwani Jambiani, kazi iliyoanza pwani ile kibiashara mwaka 1989. Bamvua moja nilimsindikiza. Wageni walikuwa wamepita asubuhi, wamekaa katika vidimbwi baina ya mashamba, wakasugua miili. Mama alininyooshea kidole: juu ya dimbwi moja kulikuwa na utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua, ukinyooka na kukunjika kila upepo ulipopuliza. "Huyaona?" akaniuliza. Utando ule ni mafuta tu. Nano yenyewe haionekani. Lakini ilikuwa imo humo.

Zinki oksaidi ikiwa baharini huyeyuka polepole na kuachia zinki, ambayo ikizidi huviza mimea midogo ya baharini na mayai ya urumbi yaliyoanza kukua. Titani dioksaidi, unga mwingine mweupe unaotiwa katika mafuta ya jua, haiyeyuki. Ikipigwa na jua majini hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Maabara nyingi zimetumia viwango vikubwa kuliko vilivyomo katika bahari kuu, na hilo lisemwe. Ila dimbwi la maji kupwa si bahari kuu. Ni beseni. Na mwani unaokufa mikononi mwa mama zetu unauliwa kwanza na joto la maji na maradhi; nisingependa mtu atoke hapa akawalaumu watalii kwa kila kamba iliyooza.

Soma chupa. Tafuta majina ya zinki oksaidi na titani dioksaidi. Kwa namba, CI 77947 ni zinki na CI 77891 ni titani. Bidhaa za Ulaya zinalazimika tangu 2013 kuweka neno "nano" katika mabano baada ya jina la kiambato kilicho katika hali hiyo. Bidhaa za kwingine huenda zisiseme. Ishara ya mkono ni hii: mafuta ya jua yenye madini hayo yakikuacha mweupe kama aliyepakwa chokaa, chembe zake ni kubwa, yakipotea ngozini huku yana titani au zinki, kuna uwezekano mkubwa ni nano. Maandishi ya kwamba mafuta "hayadhuru matumbawe" usiyategemee sana, kwani hakuna kipimo kimoja cha dunia kinachosimamia maneno hayo. Na kukosa nano si salama pia: oksibenzoni, kemikali nyingine ya kuzuia jua, si nano, lakini Hawaii imepiga marufuku kuuza mafuta yenye kiambato hicho bila ya cheti cha daktari tangu Januari 2021, kwa ajili ya matumbawe.

Chagua krimu, acha ya kupuliza. Kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, tafiti zimeonyesha chembe hizi hukaa juu juu, haziingii ndani kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ya kupuliza, kwa upepo wa pwani yetu, sehemu yake inaishia puani mwako na kwa jirani yako. Jipake kivulini dakika 20 kabla ya kuingia majini ili ishike. Funika unachoweza kufunika kwa nguo, maana nguo haioshwi na bahari: wakulima wa mwani wanaingia baharini na mikono mirefu, mtandio na kofia ya ukili, na mgeni akipewa shati la mikono mirefu mgongo wake wote hauhitaji mafuta. Wanaopeleka wageni visiwa vya Mnemba na Chumbe wanaweza kuliweka hilo katika maelezo yao kabla boti haijang'oa nanga. Kuoga kwa sabuni kufanywe nyumbani, si dimbwini.

Mwenye ualbino asiache mafuta yake kwa lolote nililoandika hapa. Saratani ya ngozi kwake ni hatari ya hakika, na mafuta ndiyo kinga. Hospitali ya KCMC, Moshi, inatengeneza mafuta mahsusi kwa ajili yao.

Hatua ya 6: Vinavyomezwa

Kuna maji ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, yanayouzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Usinywe. Fedha hujikusanya mwilini na kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haiondoki tena. Marekani ilitangaza tangu 1999 kwamba dawa hizo za dukani hazikuthibitika kuwa salama wala kuponya.

Katika peremende na ubani wa kutafuna mweupe, tazama namba E171. Ni titani dioksaidi, na sehemu ya chembe zake ni nano. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vyakula mwaka 2022 baada ya wataalamu wake kusema hawawezi kuondoa shaka ya kudhuru vinasaba. Nchi nyingine bado zinairuhusu, na bidhaa zao zinatufikia. Dukani nikiiona namba hiyo, nairudisha rafuni. Ukikuta bidhaa isiyo na orodha ya viambato kabisa, ipeleke au iripoti kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Si kila nano ni adui. Askwar Hilonga wa Arusha alitengeneza chujio la maji linalotumia nano, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chembe zikishikizwa ndani ya chujio zinaokoa maisha. Mwenye chujio la namna hiyo abadilishe moyo wa chujio, yaani sehemu ya ndani inayochuja, kwa wakati uliopangwa, asiufungue kuuosha ndani kwa brashi, na ukichakaa asiupasue.

Hatua ya 7: Mabaki yasiende kisimani

Unguja, hasa upande wa mashariki, tumekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye mashimo na mapango, na maji ya kunywa tunayatoa humohumo chini. Kinachomwagwa uwandani hakichujwi na udongo mzito. Kinapita kwenye nyufa. Ndiyo maana pango si jaa, hata kama wazee walitupa humo vifuu na majani.

Rangi iliyobaki mpe jirani mwenye ukuta mchafu. Isiyofaa, ichanganye na mchanga au unga wa mbao ndani ya kopo lake, iache ikauke mahali penye upepo na pasipo watoto, kisha kopo liende na taka, lisichomwe. Unga wa msasa na vitambaa vya karakana vifunge vikiwa vimelowa. Kwa makopo mengi ya dawa au rangi za boti, ulizia Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, kabla hujachimba shimo. Brashi ya rangi ya maji ioshe katika ndoo, si bombani wala kando ya kisima. Iache ndoo ituame usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu polepole kwenye mchanga mkavu mbali na kisima na pango, na tope la chini lichanganye na mchanga ndani ya kopo lilelile la rangi, likauke nalo.